Kuziba na kuzibua: asidi katika visima vikongwe vya baharini

Sisi wanafunzi wa lugha tunaijua jozi ya ziba na zibua: kiambishi -u- cha kauli ya kutendua kinageuza tendo kuwa kinyume chake. Jozi hiyo inanisaidia kueleza kazi iliyo rahisi kutafsiriwa vibaya: kutia asidi katika visima vikongwe vya mafuta baharini, kama vile vya Ghuba ya Meksiko.

Mafuta hayakai chini ya bahari kama maji mtungini. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga. Miaka inapopita, chembe za udongo wa mfinyanzi husukumwa na mtiririko hadi karibu na kisima, zikaziba vitundu hivyo. Chokaa nayo huweza kuganda humo. Mafuta yangalipo, ila njia imefungwa.

Mfasiri anaweza kukimbilia neno kupasua. Hiyo ni kazi nyingine, ambamo kimiminiko husukumwa kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba uachane. Hapa shinikizo hubaki chini ya kiwango hicho. Asidi hupenya vitunduni na kuyeyusha uchafu. Ndiyo maana nachagua kuzibua.

Kama viambishi katika kitenzi, hatua zake zina mpangilio. Kwanza huingia asidi hidrokloriki peke yake, iondoe chokaa. Kisha huja mchanganyiko wake na asidi hidrofloriki, inayoyeyusha udongo na silika. Kipimo kilichozoeleka ni asilimia 12 ya ile na asilimia 3 ya hii. Mwisho, kimiminiko kingine husukuma mabaki mbali na kisima. Ukiruka hatua ya kwanza, hidrofloriki itakutana na chokaa, na floridi ya kalsiamu itaganda. Hata maji ya bahari hayafai kukutana nayo, kwa kuwa sodiamu yake huleta mgando mwingine. Aliyekwenda kuzibua atakuwa ameziba.

Hidrofloriki iliyozimuliwa inaweza kumgusa mtu bila kumuuma papo hapo, huku ikipenya mwilini na kupunguza kalsiamu ya damu; huweza kuua. Kwa hiyo neno «asidi» pekee kwenye pipa halitoshi. Mfanyakazi anahitaji jina kamili na onyo katika lugha anayoielewa.

Nchi yetu inatoa mafuta baharini, mbele ya Moanda, tangu 1975. Istilahi hizi basi zinatuhusu, na kuziunda kwa usahihi ni kazi ya kitivo chetu pia.