Mbuzi Wale Walitenda Dhambi Gani?

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka wa 2022 nilihudhuria ibada chini ya mti katika kijiji kimoja cha Lopur, wadi iliyo jirani na mji wa Kakuma, Turkana Magharibi. Nilikuwa nimetoka Lodwar kwa shughuli zangu za utafiti wa lugha, na mwenyeji wangu akanialika tukasali pamoja. Hapakuwa na jengo wala kinanda. Kina mama waliketi mchangani pamoja na watoto wao, na wazee wakakalia vigoda vidogo vya mbao viitwavyo ekicholong. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiturkana na Kiswahili, na waliokuwapo waliimba kwa moyo kuliko makanisa mengi ya mjini niyajuayo.

Wakati huo mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika Upembe wa Afrika kwa takribani miaka 40. Nchini Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika ukame ule. Njiani tulikuwa tumepita mizoga ya mbuzi na ngamia iliyokaushwa na jua.

Mhubiri wa siku hiyo, ambaye alikuwa mgeni kama mimi, alisimama na kutangaza kwamba ukame ni adhabu. Watu wa nchi hii, alisema, wamemsahau Mungu, naye amezifunga mbingu. Mkalimani aliyatafsiri maneno hayo sentensi baada ya sentensi. Hakuna aliyenung'unika. Lakini tulipokuwa tukiagana, nyanya mmoja aliyebakiwa na mbuzi wawili tu katika zizi lake alinijia. Kwa kuwa nilikuwa nimetambulishwa kama mwalimu, alimwomba mwenyeji wangu anitafsirie swali lake: "Mwalimu, mbuzi wangu walitenda dhambi gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimshika mkono, nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa lugha tu, si wa dini. Lilikuwa jibu la woga. Swali lake limenikaa moyoni tangu siku ile, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu, ijapokuwa nimechelewa.

Nianze na taaluma yangu. Waturkana humwita Mungu Akuj, jina ambalo tangu jadi limehusishwa na mbingu, kule mvua itokako. Wamisionari walipofika hawakulitupa jina hilo. Wakristo wa Turkana humwomba Akuj hadi leo, na ndilo jina lililomo katika Biblia yao. Jirani zao wa mbali kidogo kwa nasaba, yaani Wateso wa Uganda na Kenya, wao humwita Mungu Edeke. Ajabu ni kwamba katika Kiturkana neno edeke maana yake ni ugonjwa. Neno moja, katika lugha mbili za ukoo mmoja, ni Mungu kwa huyu na maradhi kwa yule. Wataalamu waliowachunguza Wateso zamani walieleza kwamba hao nao walimjua Akuj, na kwamba Edeke ndiye aliyehusishwa na maafa.

Simlaumu Mteso kwa jina hilo. Maneno hubadilika maana, na kwake leo Edeke ni Mungu wa rehema kama alivyo Akuj kwa jirani yake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba binadamu, tangu kale, ameona ugumu kumtenganisha Mungu na maafa. Likitokea janga, jambo la kwanza tunalotafuta ni mkono ulioleta janga hilo, na la pili ni dhambi iliyouita mkono huo. Mhubiri wa Lopur hakubuni jambo jipya. Alirudia wazo kongwe, ila alilivika kanzu ya Kikristo.

Je, Maandiko yenyewe yanasemaje? Mfugaji maarufu kuliko wote katika Biblia ni Ayubu. Alikuwa na kondoo 7,000 na ngamia 3,000, mbali na ng'ombe na punda. Mturkana akisomewa habari hizo haelezwi utajiri ni nini. Kwa siku moja Ayubu alipoteza mifugo yake yote pamoja na watoto wake. Ndipo walipokuja marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Kwa siku 7 walikaa naye mavumbini wakinyamaza, na huo ndio wakati pekee walipokuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa walimhubiria yale yale yaliyohubiriwa Lopur: kwamba hapana anayeteseka bila kosa, na kwamba heri akiri. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia marafiki hao, si Ayubu aliyelia na kuhoji. Kadhalika Yesu, alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Hivyo basi, jibu ambalo ningalimpa nyanya yule ni hili: mbuzi wako hawakutenda dhambi yoyote, nawe hukuadhibiwa. Anayekuambia vinginevyo anasimama upande wa Elifazi.

Hata hivyo, jibu hilo peke yake halitoshi. Kama ukame si adhabu, kumtumaini Mungu katika nchi ya ukame kuna maana gani? Hapa tunakabiliwa na kosa la pili, ambalo ni pacha la lile la kwanza. Kosa la kwanza ni kumsingizia Mungu maafa yetu. La pili ni kumwachia Mungu kazi zetu. Ni mara ngapi tumesikia watu wakisema "tumwachie Mungu" pale ambapo jembe liko mkononi mwao?

Wanafunzi wangu huwaeleza kwamba maneno imani, amini, amana, mwaminifu na amani yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Hata Amina, neno la Kiebrania tunalofungia sala, ni ndugu wa mzizi uo huo. Amana ni kitu ulichokabidhiwa na mwenzio kwa sababu anakuamini. Kwa hiyo katika lugha yetu imani haiendi upande mmoja tu. Anayemwamini Mungu ni mtu ambaye Mungu naye amemwamini kwa jambo fulani: mtoto, kisima, darasa, fedha za umma. Mwenye kuamini asiwe mwaminifu ameshika nusu tu ya neno.

Tazama mfano ulio karibu na mti ule tuliosalia. Mto Tarach, upitao Kakuma, ni mto wa msimu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kina mama hushuka humo na kuchimba kwa mikono na vyombo walivyo navyo, hadi ngakipi, yaani maji, yaanze kujikusanya chini ya shimo. Ukame ukizidi shimo huwa refu, na maji hupandishwa kwa kupokezana chombo kutoka mtu hadi mtu. Mtu asiyeamini hawezi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu juu haonekani hata unyevu. Na mtu aaminiye bila kuchimba atakufa kwa kiu juu ya maji. Sijapata ufafanuzi wa imani ulio bora kuliko huo katika vitabu nilivyosoma.

Historia ya Ukristo wenyewe katika Turkana inathibitisha jambo hili. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliingia mwaka wa 1961, wakati wa njaa kali, na miongoni mwa kazi zao za kwanza ilikuwa kuwalisha wenye njaa. Lodwar ikawa jimbo kamili la Kikatoliki mwaka wa 1978. Katika miaka hiyo ya 1960 wamisionari wa Kiprotestanti nao walitoa huduma ya tiba huko Lokori. Injili ilifika kwa Waturkana ikiwa na sufuria mkono mmoja na dawa mkono wa pili, na huenda ndiyo sababu ilisikilizwa.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, inatupa somo la ziada. Humo Wakongomani huimba kwa Kiswahili, Wahabeshi husali katika kanisa lao la Kiorthodoksi, na Wasomali huswali misikitini. Mgao wa chakula ulipopunguzwa sana mwaka wa 2025, ombi la riziki ya kila siku halikuwa tena maneno ya mazoea. Waliosali asubuhi walisimama foleni mchana, na wengine walipaza sauti kulalamika. Kuna watakaoona malalamiko hayo kuwa upungufu wa imani. Mimi sioni hivyo. Hata mana ya jangwani haikuingia hemani yenyewe. Kila asubuhi watu walitoka wakaiokota.

Niwageukie walimu wenzangu na wanafunzi, maana sisi nasi tuna jangwa letu. Kila mwaka kabla ya mitihani ya kitaifa shule zetu huandaa siku ya maombi. Wazazi huja, wahubiri hualikwa, kalamu huinuliwa zibarikiwe. Siyapingi maombi hayo. Mtoto mwenye hofu anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Lakini kama mwalimu hakuingia darasani muhula mzima, na mwanafunzi hakufungua kitabu, kalamu iliyobarikiwa itaandika nini? Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa, kwa maana huko ni kumjaribu Mungu. Na mtoto akianguka mtihani baada ya kusoma kwa bidii, tusimtangazie mbele ya wenzake kwamba hakuomba vya kutosha. Huyo naye ni Ayubu mdogo.

Lipo pia upande wa wakubwa. Mwaka wa 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba hifadhi kubwa za maji zimepatikana chini ya ardhi ya Turkana, Lotikipi na karibu na Lodwar. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi. Maji kuwamo ardhini ni neema. Kuyasafisha, kuyavuta na kuyafikisha kijijini ni kazi ya watu waliopewa amana. Ukame unapokuja na kisima kimeharibika bila kutengenezwa, kuuita msiba huo "mapenzi ya Mungu" ni kumtwika Mungu kosa la fundi asiyelipwa na la ofisa asiyejali.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kuchimba ni juu yetu, na bomba ni juu yetu, sala ni ya nini? Ni swali la haki. Nabii Habakuki aliwaza siku ambayo zizi litakuwa halina kondoo wala ng'ombe, na bado akaazimia kumfurahia Mungu. Hakusema kwamba zizi litajaa kesho. Sala yake haikuwa biashara. Ilikuwa njia ya kubaki binadamu wakati kila kitu kimeondoka, ili uchungu usigeuke chuki wala kukata tamaa.

Hilo ndilo nililoliona Lopur bila kulielewa. Baada ya kuniuliza swali lake, nyanya yule hakuondoka kwa hasira. Wazee walikuwa wameanza sala ya kufunga kwa desturi ya Waturkana, mmoja akitangulia na wengine wakimwitikia kwa pamoja, wakiomba amani, mifugo na mvua. Alirudi akasimama pamoja nao, akaitikia kwa sauti. Kisha akachukua mtungi wake wa plastiki, akashika njia ya kwenda mtoni kuchimba.