TATIZO LA UTAFITI NA USHAHIDI WA MAANDISHI: MFANO KUTOKA KHAYEGA

1. Utangulizi

Maelezo ya tatizo na mapitio ya maandishi yaliyotangulia ni sehemu mbili za pendekezo la utafiti ambazo aghalabu hupimwa mbalimbali. Ya kwanza husifiwa kwa ufasaha wake, na ya pili kwa wingi wa majina yaliyotajwa ndani yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yana upungufu. Maelezo ya tatizo ni dai, na mapitio ya maandishi ni ushahidi wa dai hilo. Hakimu hawezi kukata shauri kwa kumsikiliza mdai peke yake, wala kwa kuwahesabu mashahidi bila kuuliza wanashuhudia nini.

2. Mfano wa pendekezo

Ili hoja iwe bayana, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anataka kuchunguza matamshi ya Kiswahili katika shule za Khayega, soko lililo kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, katika nchi ya Waisukha. Anaandika hivi: "Wanafunzi wa Khayega hukosea matamshi ya Kiswahili kwa sababu ya lugha yao ya mama, yaani Kiluyia. Hakuna aliyewahi kulichunguza jambo hili." Kisha anataja neno *gari* linalotamkwa *kari*, na *dada* linalotamkwa *tata*.

Sentensi hizo mbili ni fupi, lakini zimebeba madai manne: kwamba lugha inayohusika ni Kiluyia, kwamba jambo lenyewe halijachunguzwa, kwamba matamshi hayo ni makosa, na kwamba sababu yake ni lugha ya mama. Kila dai linahitaji shahidi wake.

3. Jina la lugha

Dai la kwanza laonekana kuwa jepesi, kumbe ndilo lenye mtego. Kiluyia ni jina la jumla la lahaja nyingi. Sarufi ya L. L. Appleby ya mwaka 1947, ambayo hutajwa mara kwa mara, ilitungwa katika jitihada za kuunda Kiluyia sanifu kwa misingi ya lahaja za kati, hasa Kihanga. Günter Wagner, ambaye kitabu chake kuhusu Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini kilitolewa mwaka 1949 na 1956, alijihusisha zaidi na Wamaragoli na Wabukusu, na shabaha yake ilikuwa mila na desturi. Malcolm Guthrie naye alikitenga Kilogooli katika kundi la E40, huku Kiluyia cha kati akikiweka katika E30.

Mtafiti anayewataja wote watatu kama mashahidi wa sauti za Kiisukha ameleta mashahidi ambao hawakuwapo penye tukio. Majina ni makubwa na tarehe ni sahihi, lakini ushahidi haupo. Mkaguzi anayehesabu majina tu hataliona kosa hilo.

4. Pengo la kweli na pengo la kudaiwa

Dai la pili ni la hatari zaidi. Mwaka 1983 ulichapishwa uchunguzi wa Rachel Kanyoro kuhusu umoja na tofauti za lahaja za Waluyia. Mwaka 2014 Kristopher Ebarb alikamilisha tasnifu kuhusu toni katika Kiidakho, jirani wa karibu wa Kiisukha, pamoja na lahaja nyingine. Kazi hizo hazijibu swali la Kiswahili cha shuleni, lakini asiyezitaja hana haki ya kusema kwamba uwanja ni mtupu.

Isitoshe, kutochunguzwa kwa jambo hakulifanyi kuwa tatizo. Huenda hakuna aliyewahesabu mafahali wote waliowahi kupiganishwa katika nchi ya Waisukha. Hata hivyo kimya hicho peke yake hakitoshi kuwa sababu ya tasnifu. Ni lazima ionyeshwe kwamba kutojua kunazuia jambo fulani kueleweka au kutendeka.

5. Kosa na sababu yake

Madai mawili ya mwisho yanategemea nadharia. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alitarajia kwamba tofauti za lugha mbili zingebashiri ugumu wa kujifunza. Mapitio yakikomea hapo, lugha ya mama itahukumiwa kabla ya kusikilizwa. S. P. Corder, mwaka 1967, aliyaona makosa ya mwanafunzi kuwa dalili ya kanuni anazojijengea. Na Larry Selinker, mwaka 1972, alieleza mfumo wa kati ambao si lugha ya kwanza wala lugha lengwa.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mtoto asemaye *kari* huenda anafuata mfumo wa sauti za Kiisukha. Huenda pia anamwiga mwalimu wake barabara, naye mwalimu hutamka vivyo hivyo. Katika hali ya pili mtoto hakukosa kujifunza: amejifunza alichofundishwa. Pendekezo lisiloacha nafasi ya jibu hilo limekwisha kumtia mtoto hatiani, na utafiti utakaofuata utakuwa wa kuthibitisha hukumu.

6. Hitimisho

Kutokana na ukaguzi huo, tatizo lingeweza kuandikwa upya: "Kazi zilizopo zimeeleza uhusiano wa lahaja za Kiluyia na toni za baadhi yake, lakini hazielezi kama kubadilika kwa /g/ na /d/ katika Kiswahili cha wanafunzi wa Khayega kunatokana na Kiisukha au na Kiswahili wanachokisikia darasani. Bila kulijua hilo, mwalimu hajui arekebishe nini." Tatizo sasa ni dogo zaidi, lakini lina majibu mawili yanayoweza kupimwa: wanafunzi walinganishwe na wenzao wasiozungumza Kiisukha, na matamshi ya walimu yarekodiwe.

Basi kazi ya msimamizi ni kulichukua kila dai la tatizo na kulitafutia shahidi wake katika mapitio. Na kila mwandishi aliyetajwa katika mapitio aulizwe anashuhudia dai lipi. Dai lisilo na shahidi lipunguzwe. Shahidi asiye na dai aondolewe, hata akiwa na jina kubwa.