Yule kijakazi wa Viking hakujitolea

Stima ilipokatika Jumamosi usiku hapa Shika Adabu, vijana waliokuwa kwenye kibanda cha muvi jirani na kwangu walitoka wote wakaja kukaa barazani, na ubishi wao wakaja nao. Walikuwa wakitazama Vikings, ile tamthilia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2013, na walikuwa wamefika pale mkubwa mmoja aitwaye Haraldson amekufa. Anaandaliwa jahazi la kuchomwa nalo. Wajakazi wake wanaulizwa ni nani atakayekwenda naye, na msichana mmoja anajitokeza. Anapambwa, ananyweshwa, kisha ajuza anamuua, na moto unawashwa.

Mmoja wao alisema hayo ni uongo wa wazungu wa sinema. Mwingine akasema hapana, hayo ndiyo mapenzi, wake wa siku hizi hata eda hawaimalizi. Wakacheka. Mtoto wa dadangu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 14, ndiye aliyeniuliza mimi: "Mjomba, lakini si alijitolea mwenyewe?"

Nikaona hakuna aliyempinga. Wote walikuwa wamekubaliana kwamba alijitolea, kilichobaki ni kama alifanya vizuri au vibaya. Nilimwambia nitamjibu, na jibu lenyewe limekuwa refu kuliko nilivyodhani, ndiyo maana naliandika hapa.

Kwanza, si uongo wa sinema. Waandishi wa tamthilia ile hawakukitunga kisa hicho, na wala hawakukipata kwa wazungu. Kilishuhudiwa na kuandikwa kwa Kiarabu na Mwislamu aliyetoka Baghdad, Ahmad ibn Fadlan. Watu wa Viking wenyewe hawakuwa na desturi ya kuandika vitabu. Visa vyao tunavyovisoma leo viliandikwa miaka mingi baadaye na wajukuu zao waliokwisha kuwa Wakristo. Mtu pekee aliyesimama penye mazishi kama yale, akatazama tangu mwanzo hadi majivu, akaandika, ni huyu bwana wetu.

Ibn Fadlan aliondoka Baghdad mwezi wa Safar mwaka 309 Hijria, ambao ni Juni 921, wakati wa khalifa al-Muqtadir. Alikuwa katika ujumbe uliotumwa kwa mfalme wa Wabulghari walioishi kando ya mto Volga, katika nchi ambayo leo ni Urusi. Mfalme huyo alikuwa ameomba aletewe mtu wa kumfundisha dini, na fedha za kujengea ngome. Safari iliwachukua karibu mwaka mzima, kwa baridi ambayo mtu wa huku kwetu akisimuliwa hushika shuka. Walifika Mei 922. Fedha za ngome hazikufika, na mfalme alimlaumu Ibn Fadlan kwa hilo mbele ya watu, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Huko Volga ndiko alikowakuta Warusi wa kale, ambao Waarabu waliwaita Rus. Hawa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Skandinavia, yaani ndugu zao hao Viking, walioshuka mito na mashua zao kuuza ngozi za wanyama na watumwa. Ibn Fadlan alisifu miili yao, akawafananisha na mitende kwa urefu. Usafi wao ulimchefua. Walikuwa wakinawa nyuso na kupenga kamasi katika beseni moja, mmoja baada ya mwingine, maji ni yale yale.

Aliposikia kwamba mkubwa wao mmoja amefariki, alitaka kuona wanavyozika. Basi sikiliza alichokiona.

Maiti aliwekwa kwanza katika kaburi la muda kwa siku 10, wakati nguo zake zinashonwa. Mali yake ikagawanywa mafungu matatu: fungu la jamaa zake, fungu la nguo za kuzikiwa, na fungu la pombe ya kunywewa mazishini. Kisha wajakazi wake na vijana wake wa utumwani wakaulizwa ni nani atakayekufa pamoja naye. Mmoja akisema ni yeye, basi limekwisha. Hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Aliyesema safari hiyo alikuwa msichana, na mara nyingi huwa ni wasichana.

Tangu saa ile alipewa wasichana wawili wa kufuatana naye kila aendako. Ibn Fadlan anasema walikuwa wakimhudumia, hata miguu walimwosha. Na pia walikuwa wakimlinda. Kila siku alinyweshwa na kuimba, akionekana mwenye furaha.

Jahazi likavutwa hadi nchi kavu, likawekwa juu ya magogo. Ndani yake pakajengwa hema, na pakatandikwa kitanda cha hariri ya Rumi. Aliyesimamia yote, ushonaji na mauaji, alikuwa ajuza mmoja mnene mwenye uso wa kununa, ambaye waliita Malaika wa Mauti. Maiti akafukuliwa, amegeuka mweusi kwa ile baridi lakini hana harufu, akavishwa joho la hariri lenye vifungo vya dhahabu na kofia ya manyoya, akaketishwa hemani kwa kuegemezwa mito. Wakamwekea pombe, matunda na mrehani. Ndiyo, mrehani, huu tunaoutia kwenye vikuba. Wakamwekea mkate, nyama na vitunguu, wakaweka na silaha zake. Mbwa akakatwa vipande viwili akatupwa ndani. Farasi wawili wakakimbizwa hadi wakatoka jasho, nao wakakatwa. Wakafuata ng'ombe wawili, kisha jogoo na tembe.

Wakati hayo yanafanyika, yule msichana alikuwa akipelekwa hema moja baada ya jingine. Kila mwenye hema alimwingilia, akamwambia akamwarifu bwana wake kwamba amefanya hivyo kwa kumpenda yeye marehemu. Tamthilia hupita haraka sana mahali hapa, na mimi pia sitakaa.

Ijumaa wakati wa alasiri wakamleta kwenye kitu mfano wa fremu ya mlango, wakamnyanyua mara tatu achungulie ng'ambo ya pili. Mara ya kwanza akasema anawaona babake na mamake. Ya pili, jamaa zake waliokufa. Ya tatu, akamwona bwana wake ameketi katika pepo ya kijani, anamwita. Akavua bangili zake mbili akampa ajuza, na furungu zake za miguuni akawapa wale wasichana wawili, ambao kumbe walikuwa mabinti wa yule ajuza. Akapandishwa jahazini. Akapewa kikombe, akaimba juu yake, akawaaga wenziwe. Akapewa cha pili, akaimba kwa muda mrefu, na ajuza akawa anamhimiza anywe haraka aingie hemani.

Hapo, anasema Ibn Fadlan, msichana alionekana kuchanganyikiwa. Alitaka kuingia, akatia kichwa kati ya hema na ubavu wa jahazi. Ajuza akamkamata kichwa akamvuta ndani, akaingia naye. Na wanaume waliokuwa nje wakaanza kupiga ngao zao kwa fimbo.

Kuhusu ngao hizo, Ibn Fadlan anaeleza sababu: zilipigwa ili kilio chake kisisikike, wasichana wengine wasije wakaogopa na kukataa kufa na mabwana zao siku zijazo.

Wanaume sita wakaingia hemani. Walipokwisha, wawili walimshika miguu, wawili mikono, ajuza akamtia kamba shingoni akawapa wawili waliobaki waivute, na yeye akawa anamchoma kwa jambia pana katikati ya mbavu hadi akafa. Kisha jamaa wa karibu wa marehemu akaja uchi wa mnyama, akitembea kinyumenyume na kijinga cha moto, akawasha. Ukavuma upepo mkali, na haikupita saa jahazi, bwana na msichana vikawa majivu.

Mjomba wangu, kama mtu amejitolea, ngao zapigwa za nini?

Hilo ndilo jibu langu, na ningeweza kuishia hapo. Neno "mimi" la msichana yule lilitamkwa na mtu aliyekuwa mali ya wanaoulizia, kwenye swali ambalo lazima mmoja alijibu. Baada ya hapo alilindwa asitoroke na kunyweshwa asifikiri. Sinema yabakisha neno "mimi" na ule uso wa tabasamu. Kelele za ngao zikiwekwa huwa ni ngoma tu, za kusisimua watazamaji, na hakuna anayekueleza zilikuwa zikiziba nini.

Mambo mengine ya tamthilia nitayapitia upesi. Lile jahazi linalosukumwa baharini na kufuatwa na mishale ya moto, mnalolipenda sana, ni la sinema. La Ibn Fadlan lilichomwa nchi kavu, na mengine yalifukiwa mazima chini ya vilima vya udongo, kama lile lililofukuliwa Oseberg nchini Norway mwaka 1904, na ndani yake mlikuwa na mifupa ya wanawake wawili, ambao wataalamu wangali wakibishana kama mmoja aliuawa kumsindikiza mwenziwe. Mahali paitwapo Flakstad, huko huko Norway, yamefukuliwa makaburi ambamo wengine wamezikwa bila vichwa pamoja na mtu mzima mwenye kichwa chake. Mifupa ilipopimwa ilionyesha wasio na vichwa walikula chakula tofauti na wenzao, samaki wakiwa wengi zaidi. Wanadhaniwa kuwa watumwa. (Kwa kipimo hicho, sisi wa Likoni sijui tungehesabiwa wapi.)

Na ile sehemu ya Uppsala, watu wanaponing'inizwa mitini kwa ajili ya miungu, ilitokana na kitabu cha padri wa Kijerumani, Adam wa Bremen, aliyeandika kiasi cha miaka 150 baada ya Ibn Fadlan. Alisema kila baada ya miaka tisa hutolewa madume tisa ya kila kiumbe, watu wakiwamo. Yeye hakufika Uppsala. Alisimuliwa, na alikuwa na haja ya kuwaonyesha wapagani ni wabaya kiasi gani. Mimi humwamini Ibn Fadlan zaidi kwa sababu aliona, na kwa sababu hakujipendelea. Alimwandika hata Mrusi mmoja aliyemcheka kupitia mkalimani, akisema Waarabu ni wajinga kwa kumtia mpenzi wao mchangani aliwe na wadudu, wakati wao humchoma akaingia peponi saa ile ile.

Maandishi yake yalijulikana kwa vipande kupitia kamusi ya nchi ya Yaqut, hadi nakala ndefu zaidi ilipopatikana Mashhad, Iran, mwaka 1923.

Sasa, vijana wangu, msije mkafurahi kwamba Mwislamu alisimama pembeni akiwatazama makafiri. Dua za Warusi wale, anasema mwenyewe, zilikuwa wapate mfanyabiashara mwenye dinari na dirhamu nyingi wa kuwanunulia. Na dirhamu zilikuwa zetu. Zimefukuliwa kwa maelfu na maelfu huko Sweden, zina maandishi ya Kiarabu. Baghdad aliyotoka Ibn Fadlan ilijaa watumwa, na miaka 38 tu kabla ya safari yake vilikuwa vimemalizika vita vya Zanj huko Basra, vya mwaka 869 hadi 883, ambapo watumwa waliofanyizwa kazi kwenye mashamba ya chumvi, wakiwamo watu wa asili ya pwani hii yetu, waliinuka dhidi ya khalifa. Hao hawakusema "mimi".

Nilichelewa kumjibu mtoto wa dadangu kwa sababu katika ukoo wetu mna bibi mmoja ambaye kisa chake huishia neno lilo hilo. Alikuwa suria. Nilipokuwa mdogo, nikiuliza alifikaje nyumbani mle, niliambiwa alimpenda sana bwana wake, hata alipoachiwa huru hakutaka kuondoka. Alikubali mwenyewe. Sikuwahi kuuliza angekwenda wapi. Ni kweli sheria ya dini ilimpa suria aliyezaa uhuru wake bwana akifariki, na hilo si jambo dogo ukilitazama na ile kamba ya Volga. Lakini Zanzibar ilipofuta hadhi ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya sheria, kwa hoja kwamba wao ni kama wake za watu, wameridhika majumbani. Walingoja hadi 1909. Waliotoa hoja hiyo walikuwa mabwana na maofisa wa Kiingereza, si masuria.

Ibn Fadlan anamalizia kwa kusema palipochomwa jahazi pakajengwa kilima cha udongo, na katikati pakasimikwa nguzo kubwa ya mti. Ukiwaza vigango vya Wagiriama nitakuelewa, maana nacho ni mti unaosimikwa kwa ajili ya mzee wa heshima aliyefariki, ingawa hakuna mtu anayeuawa kwa ajili yake. Kwenye nguzo ile ya Volga wakaandika jina la marehemu na jina la mfalme wa Rus, wakaenda zao.

"Na jina la msichana?" akaniuliza.

Halikuandikwa. Ibn Fadlan naye, pamoja na umakini wake wote, hakulitaja. Usiku ule, stima iliporudi na vijana wakarudi kibandani, nilimpigia mama simu kumuuliza jina la yule bibi yetu. Akanitajia moja, la manukato, kama walivyoitwa wajakazi wengi. Nikamuuliza lile alilopewa na mamake mzazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenye kulijua labda ni dada yake mkubwa aliye Msambweni, na kwamba kama nataka kumuuliza niende mwenyewe, si jambo la simu.