Mtoto Aimba, Wazazi Twazungumza



Liko jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, na kila nikishika kalamu kuliandika naona haya, kwa kuwa katika jambo hilo mimi si shahidi tu, bali ni mmoja wa washitakiwa.

Hapa kwetu Somanda, katika mji wa Bariadi, madrasa chache hukutana kila mwaka baada ya mavuno ya pamba, watoto wakashindana kwa kaswida. Si mashindano makubwa. Hutandikwa mikeka, hufungwa turubai, huazimwa kipaza sauti, na majaji watatu huketi mbele na karatasi zao. Kila chuo huleta kundi lake, na kila kundi hutoa mwimbaji mmoja wa kusimama peke yake. Mwaka jana mwimbaji wetu alikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, mwenye sauti nyembamba isiyo na nguvu, lakini yenye utulivu ambao hata mimi niliyefundisha watoto kwa miaka thelathini sijausikia mara nyingi. Miezi mitatu alikuwa akija mapema kabla ya wenziwe, akiimba huku akifagia kibaraza.

Aliposimama, aliketi karibu yangu mzee mmoja ambaye hatujaonana tangu msiba wa ndugu yake. Akaniambia, "Mwadila, Maalim." Nami nikamwitikia kama ipasavyo. Nanyi mjuao salamu za Kisukuma mwajua kwamba haziishi kwa neno moja: huulizwa watu wa nyumbani, huulizwa ng'ombe, huulizwa mvua, kisha mkaulizana bei ya pamba na aliyekufa na aliyeoa. Nilijibu yote. Nilipoinua macho, mtoto alikuwa amekwisha kuimba na watu wanapiga takbiri.

Jioni alinijia akasema, "Maalim, ule ubeti wa tatu nilioukosea nikaurudia, uliusikia?"

Nikamwambia, "Umeimba vizuri sana, mwanangu."

Akatazama chini asiseme neno. Alijua kwamba sikusikia.

Siku hiyo hiyo mgeni mmoja aliyetoka mbali alituambia waziwazi kwamba watu wa huku hawajui kusikiliza, hawana adabu ya majlisi. Maneno hayo yaliniuma, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikijijibia nafsini mwangu. Kisha nikaona afadhali nisijitetee kwa hasira, bali niulize: je, ni kweli? Na kama ni kweli, sababu yake ni nini?

Mimi ni mzaliwa wa Usukumani. Utotoni nilitoroka chuoni mara nyingi kwenda kutazama mbina, yaani ngoma za mashindano, na bakora niliyokula kwa ajili hiyo naikumbuka hata leo. Msomaji wa pwani huenda hajui mashindano hayo yalivyo, basi na nimweleze kidogo, maana humo ndimo ulimo ufunguo wa jambo hili.

Wachezaji wetu wamegawanyika katika pande mbili kubwa, Wagika na Wagalu, na wazee husimulia kwamba pande hizo zilianzishwa na mafundi wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana katikati ya karne ya 19. Wakati wa kiangazi, mazao yakisha kuingia ghalani, kundi la upande huu na kundi la upande ule hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Hawapokezani zamu. Huyu hupiga ngoma zake hapa, na yule hupiga zake pale, kwa pamoja, mbele ya watu wale wale. Wala hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio majaji, na hukumu yao huitoa kwa miguu: anayependezwa na kundi hili hukimbilia huku, akichoka hukimbilia kule, na upande utakaozungukwa na watu wengi zaidi, huo ndio ulioshinda. Kwa hiyo kiongozi wa wimbo, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hufanya kila hila ya kuwavuta watu: ataimba maneno ya mzaha juu ya mwenziwe, ataleta nyoka mkubwa, ataleta kinyago kinachotikisa kichwa. (Wako pia waliotegemea dawa ya kuvuta watu, nayo huitwa samba. Juu ya hilo Mwislamu hana haja ya kuambiwa, tulipite.) Mashindano ya namna hii hayajafa. Kule Bujora, karibu na Kisesa, njia ya kwenda Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, sikukuu ya Bulabo hukusanya makundi haya kila mwaka yakashindane.

Sasa fikiri, msomaji. Katika uwanja kama huo, mtu aliyeketi kimya ni mtu gani? Ni mtu asiyetoa hukumu yake. Vigelegele, makelele, kicheko, kumwita rafiki yako "Njoo huku, huku ndiko kwenyewe!", hayo yote ndiyo kura zenyewe. Na kwa kuwa mbina ndiyo iliyowakutanisha watu wa vijiji vya mbali waliokuwa shambani tangu masika, hapo ndipo posa zilipoanza, madeni yalipodaiwa, na habari za wagonjwa zilipopatikana. Kumpita mzee wako hapo bila ya kumsalimu kwa ukamilifu ni kumtukana. Basi yule mgeni wetu alikosea aliposema kwamba hatuna adabu. Tunayo, tena imekazwa sana. Tatizo letu ni kwamba twaichukua adabu ya uwanja wa mbina tukaiingiza chini ya turubai la kaswida, ambako mtoto mmoja anaimba peke yake na jaji anasikiliza kama ametamka sawasawa.

Wala si sisi peke yetu. Huko Unguja, ambako klabu ya Ikhwan Safaa ilianzishwa tangu 1905, katika taarabu msikilizaji huinuka akaenda kumtunza mwimbaji hali wimbo unaendelea, na mwimbaji asiyetunzwa hurudi kwake na huzuni. Hata Wazungu, ambao leo hukaa katika majumba yao ya muziki kama watu walio msibani, katika karne ya 18 walikuwa wakila, wakicheza karata na kuongea humo humo wakati waimbaji wanaimba. Ukimya huo wameuzoea zaidi katika karne ya 19. Nimeyataja haya ili kijana asije akadhani kwamba kunyamaza ni jambo walilozaliwa nalo watu wengine, na sisi tumenyimwa.

Lakini iko tofauti ambayo sina budi kuipambanua. Wasikilize Wamisri katika kanda za marehemu Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, aliyefariki 1988. Akifika mahali pa kupumua, umati mzima hulipuka kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Akianza tena, kimya kinarudi. Wako wanaoona kwamba hata hilo limezidi kwa msomaji wa Qur'ani, na mimi ni katika hao. Hata hivyo sauti ile ni jawabu. Haiwezi kutoka ila kwa mtu aliyesikiliza. Kadhalika vigelegele vya mbina ni jawabu, na tunzo la taarabu ni jawabu. Yale mazungumzo yangu na mzee wangu yalikuwa jawabu la nini? Hayakuwa na habari kabisa kwamba yuko mtoto anaimba. Hata uwanjani kwa Wagika na Wagalu, mtu wa namna hiyo hana faida, kwa sababu hakuhama wala hakushangilia.

Kuhusu Qur'ani Tukufu hapana mjadala. Sura ya Al-A'raf, aya ya 204, imetuamrisha tusikilize na tunyamaze inaposomwa, na hotuba ya Ijumaa imetiliwa mkazo hata kumwambia mwenzio "nyamaza" kumehesabiwa katika hadithi sahihi kuwa ni upuuzi. Kaswida si Qur'ani. Ni mashairi ya watu, na furaha yake inaruhusu kitu ambacho kisomo hakiruhusu, Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao siku ya Idi mbele yake na mbele ya Bibi Aisha. Watoto wakiimba na dufu likipigwa, mama akipiga kigelegele mwisho wa ubeti, mimi simkatazi.

Makosa, basi, ni ya nani? Naona sehemu kubwa ni yetu sisi walimu na watengenezaji wa shughuli. Tulikuwa tukichanganya mambo: anasoma mmoja Qur'ani, zikafuata kaswida tatu, kisha kisomo tena, kisha hotuba, kisha kaswida. Mtu aliyekwisha kushangilia kaswida tatu hawezi kunyamaza mara moja kama taa iliyozimwa. Tena tulikuwa na ile desturi ya kuongeza kipaza sauti kila watu walipozidi kusema. Hapa tulikuwa tukimwagia moto mafuta. Alikuwako daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, aliyeeleza tangu 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila ya kujijua, ili ajisikie mwenyewe. Basi ukiongeza kipaza sauti, wanaozungumza nao huongeza. Nawe ukaongeza tena. Mwisho mtoto analia katika chombo na watu wanapiga kelele juu yake, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Mwaka huu, katika Maulidi ya mtaa wetu, tulijaribu kubadili. Visomo vyote viliwekwa mwanzo, kwa mfululizo, kisha ukafungwa mlango wa visomo. Watu waliitwa nusu saa kabla, na mzee mmoja akatangaza waziwazi kwamba nusu saa hiyo ni ya kusalimiana, kila mtu amtafute amtakaye. Baada ya kila makundi mawili palikuwa na mapumziko mafupi kwa ajili hiyo hiyo. Kipaza sauti kilipunguzwa kikaelekezwa chini, kwa watu, si juu ya mapaa. Wauza karanga na maandazi waliombwa wakae nje ya turubai. Akina mama wenye watoto wachanga walitengewa upande wenye njia ya kutokea, wala hawakukaripiwa hata mmoja. Mtoto mchanga akilia, hilo si kosa la mtu, na ye yote aliyewahi kumfukuza mama majlisini kwa kilio cha mwanawe amemnyima elimu mama na mtoto pamoja.

Matokeo? Wazee walitushinda kwa utii. Salamu zilikwisha katika wakati wake, nami nilishangaa. Walioshindikana ni vijana wenye simu, wanaosimama mbele kupiga picha hata walio nyuma wasione. Nilimwomba mmoja anionyeshe alichokipata, naye kwa heshima akanionyesha: nusu ya picha zilikuwa za uso wake mwenyewe. Nilicheka, naye akacheka, akakaa chini. Hili la simu bado tunalitafutia njia. Ye yote miongoni mwa wasomaji aliyelipatia dawa mahali pake na atuandikie.

Mashindano yenyewe yamekaribia tena. Yule mtoto sasa ana miaka kumi na miwili. Wiki iliyopita nilimwita kando, nikamwambia ukweli: kwamba mwaka jana nilikuwa nikizungumza, na ubeti wa tatu sikuusikia, nao wa kwanza na wa pili pia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuona, Maalim." Nikamwomba radhi, nikamwuliza kama ataimba mwaka huu. Akasema atamwuliza bibi yake.

Majina ya waimbaji hupelekwa Alhamisi. Nafasi yake nimeiacha wazi katika karatasi, na anaendelea kuja mapema kufagia kibaraza, lakini sijamsikia akiimba.