Uzi: Wodi itajengwa, sawa. Nesi wa kuingia ndani anafunzwa na nani?

Naendelea na zile ahadi tunazosikia kwenye midahalo na mikutano ya siasa, na kama kawaida hapa hatutaji mtu wala chama. Ya leo mshaisikia: "Nitawajengea wodi ya afya ya akili hapa kwetu." Watu wanapiga makofi, halafu mjadala unarudi kwa barabara.

Mimi nasomea sayansi ya siasa, si udaktari. Lakini hii maneno imefika hadi nyumbani kwetu, kwa hivyo wacha nianzie huko ndio nirudi kwa siasa.

Mjomba wangu, kitinda mimba kwao, alianza kuugua akiwa na miaka 23. Halali. Anaongea na watu sisi hatuwaoni. Anasema majirani wameweka mitambo kwenye dari. Siku aliyovunja dirisha, vijana wa kijiji walimfunga kamba wakampeleka hospitali. Nesi wa zamu hakumkaribia, aliongea na nyanya akiwa mlangoni. Mjomba akadungwa sindano, akalala, kesho yake akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Basi.

Siku ya pili nyumbani shingo ikapinda upande mmoja. Taya likakaza, macho yakaangalia juu na hayashuki. Nyanya akapiga nduru kwamba dawa imemuua mtoto wake. Jirani mmoja akasema ni mapepo yanapigana na dawa. Vidonge vikatupwa chooni, mjomba akapelekwa kwa maombi. Hakurudi hospitali karibu miaka miwili. Katika hiyo miaka miwili alipoteza kazi, mke akarudi kwao, na siku moja sokoni alipigwa hadi akang'oka jino.

Miaka baadaye binamu yangu akajiunga na chuo cha uuguzi. Likizo moja alikuwa anasoma notsi zake mezani, akanyamaza, kisha akaniita. Kumbe ile shingo imeandikwa kwenye kitabu! Ni madhara yanayojulikana ya dawa kama haloperidol. Hutokea saa chache au siku chache baada ya kuanza dawa, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Kuna dawa za kulegeza huo mkazo, benzhexol ni mojawapo. Nesi anayejua huwaambia watu wa nyumbani mapema: mkiona shingo inakaza, msiogope, mrudisheni hapa mara moja.

Sentensi moja tu. Hospitali ilikuwepo, dawa ilikuwepo, na nesi alikuwepo.

Sasa, wengi wetu tunadhani kuna nesi wa kawaida na kuna nesi wa "Mathare", vile watu hutaniana ati "wewe unafaa kupelekwa Mathare". Sivyo. Diploma ya uuguzi ambayo wanafunzi wengi Kenya hufanya inachanganya uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili. Mwanafunzi anasoma darasani, halafu anapelekwa wodini kwa wiki kadhaa. Wapo wanaobobea kwa magonjwa ya akili, lakini ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Mgonjwa akifungwa kamba kijijini, anayempokea ni yule nesi wa kila kitu. Kwa hivyo zile wiki chache alizokaa wodini akiwa mwanafunzi ndizo zinakuja kutumika, pengine miaka kumi baadaye, saa nane usiku, akiwa peke yake.

Na si ati anaenda kujifunza kushika mtu anayepigana. Nilimuuliza binamu, akanipa orodha iliyonishangaza. Unajifunza kumwangalia mtu kwa mpangilio: amevaaje, anaongea kasi au polepole, moyo wake ukoje, anasikia sauti, anajua leo ni siku gani, anakubali kwamba anaumwa? Unajifunza kupoza hali: sauti ya chini, mtu mmoja anaongea, hakuna anayemzibia mgonjwa njia ya mlango. Unajifunza kumuuliza mtu waziwazi kama amewaza kujiua, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii hilo wazo.

Hapo kwa kujiua ngoja kidogo, kwa sababu sheria imebadilika na watu wengi hawana habari. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo mtu angeweza kuamka kitandani akiwa mgonjwa na mshukiwa kwa wakati mmoja. Fikiria ni ukweli gani angemwambia nesi.

Turudi wodini. Siku ya kwanza, binamu na wenzake saba waliambiwa: vueni mikufu, msiingie na kalamu mfukoni, msimpe mgonjwa mgongo. Kufikia saa nne asubuhi wote wanane walikuwa wamejifungia chumba cha manesi wakinakili mafaili. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mwalimu wa chuo hakuonekana. Manesi wa wodi walikuwa wawili kwa wagonjwa wodi nzima, wangemfunza nani? Na kile kitabu cha kuonyesha umefanya nini wodini kinatiwa sahihi tu.

Siku ya nne akarudi sista mmoja wa miaka mingi aliyekuwa likizo. Akafungua mlango, akawaangalia, akamshika binamu mkono hadi kwa benchi alipokuwa amekaa mama mmoja. "Keti hapa. Mwambie jina lako, halafu unyamaze." Binamu anasema ile kimya ilikuwa ndefu kuliko mtihani. Mwishowe yule mama akamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Hapo ndipo woga ulianza kuisha.

Swali langu ni hili: huyo sista angeongeza wiki mbili za likizo je? Binamu angemaliza, apite mtihani, apewe leseni, bila kuongea na mgonjwa wa akili hata mmoja. Halafu siku moja analetewa mjomba wa mtu na kamba mkononi, anabaki mlangoni.

Sasa siasa. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, hapo ndipo majukumu yamegawanywa. Sera ya afya, hospitali za rufaa za kitaifa, vyuo vikuu na vyuo vya juu: serikali ya kitaifa. Hospitali na zahanati za kaunti: kaunti. Maana yake, anayemfunza nesi ni serikali moja na mwenye wodi anakofanyia mazoezi mara nyingi ni nyingine. Chuo kinasema wodini ni kwa kaunti. Kaunti inasema mwanafunzi ni wa chuo. Mkufunzi wa kukaa naye pale wodini hana mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakiingii kwenye bajeti ya mtu. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 na kaunti zikapewa majukumu mazito zaidi ya huduma hizi. Mwanasiasa akisoma hiyo sheria anaona jengo, kwa sababu jengo lina siku ya kukatwa utepe. Mkufunzi wa wodi hana utepe.

Lakini nisiwaonee wanaosema majengo kwanza. Wana hoja. Mathari ilifunguliwa 1910, na hadi leo wanafunzi wa vyuo tofauti husafiri hadi pale kwa mafunzo. Wodi zikiwa kaunti nyingi, mwanafunzi anafunzwa karibu na watu atakaowahudumia. Mimi sipingi wodi. Napinga wodi iliyopangiwa saruji na vitanda bila mshahara wa mtu wa kufunza.

Kuna wale pia wa "tunawafunza halafu wanaenda Uingereza", hasa tangu yale makubaliano ya 2021 kati ya nchi hizi mbili. Hiyo kwangu ni hoja ya kuajiri, si ya kutofunza. Kuna manesi wako nyumbani na vyeti vyao wakingoja kuitwa kazini.

Kwa hivyo mkiitwa kwa ushirikishwaji wa umma, nendeni. Kaunti hupeleka mpango wake wa mwelekeo wa fedha bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Simama uulize: kwa hii wodi mnayotuahidi, ni manesi wangapi waliobobea wataajiriwa? Kati yao, nani amepewa muda kwenye ratiba yake wa kufunza wanafunzi? Kuna maandishi kati ya kaunti na chuo yanayosema nani anamlipa? Wakijibu kwa kukuonyesha picha ya jengo, uliza tena.

Mjomba amekubali niandike haya, sharti nisitaje jina wala kijiji. Siku hizi anadungwa sindano yake kila mwezi zahanati ya karibu na anafuga kuku. Amesema pia niwaambie lile jino halikuwa la mbele.

Maswali hayo matatu nimeshayatuma kaunti yetu kwa barua. Wakijibu nitaweka hapa chini.