Dawa ya kuzuia SIDA ipo: mbona inabaki ndani ya chupa?

Wengi wetu tunajua dawa za mgonjwa wa SIDA. Lakini iko pia dawa ya mtu asiye na virusi: kidonge cha kila siku kinachomkinga asiambukizwe. Kinaitwa PrEP. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kitolewe kwa walio katika hatari kubwa. Kenya na Uganda kilijaribiwa kwa jozi 4,747 za wenzi, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Kwa waliopewa mchanganyiko wa dawa mbili, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75.

Lakini jaribio lingine, kwa wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, lilisimamishwa 2011 kwa sababu dawa haikuonekana kuwakinga. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walikuwa wameimeza siku za karibuni.

Je, walikuwa wajinga? Hapana. Wataalamu wa uchumi wa tabia wanaeleza kwamba mwanadamu huona gharama ya leo kuwa kubwa na faida ya kesho kuwa ndogo. Kutembea hadi kituo cha afya, kichefuchefu cha siku za kwanza, macho ya majirani: hayo ni ya leo. Faida yake haionekani, maana mtu hakuwa mgonjwa apate kusema amepona. Kwa hiyo kumtisha hakutoshi; afadhali kumrahisishia njia.

Kwanza, kidonge kifungwe na jambo la kila siku, kama kupiga mswaki au kunywa chai ya asubuhi.

Pili, mtu akumbushwe kwa upole. Kenya, wagonjwa waliokuwa wakitibiwa walitumiwa neno moja kwa simu kila juma: “Mambo?” Walijibu kwamba wako sawa au wana shida, na mwenye shida alipigiwa simu. Matokeo yalitangazwa 2010: asilimia 62 yao walimeza dawa vizuri, kwa wasiotumiwa ujumbe asilimia 50.

Tatu, maamuzi yapunguzwe. Sindano ya lenacapavir hutolewa mara mbili tu kwa mwaka. Katika matokeo ya 2024 kutoka Uganda na Afrika Kusini, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Nne ni juu yetu. Mama akionekana na kichupa hicho, watu husema ni mgonjwa au ni malaya. Pengine mume wake ana virusi, naye anajilinda ili alee watoto. Maneno yetu ndiyo gharama inayomfanya aache dawa.

Anayetaka PrEP amuulize muuguzi kama inapatikana karibu. Atapimwa virusi kwanza, kisha atapimwa tena mara kwa mara. Dawa hii haizuii magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo kondomu bado ina kazi yake.