Maseno: Shule na Swali la Jembe

Anayesafiri kutoka Kisumu kuelekea Busia huuvuka mstari wa Ikweta huko Maseno, na hapo pana shule ya kitaifa iliyo miongoni mwa kongwe zaidi nchini Kenya. Wengi wetu huitaja kwa sababu ya watu mashuhuri waliopitia madarasa yake. Makala haya yanakusudia kuangalia jambo lisilotajwa sana, yaani mvutano uliozuka mapema kuhusu nini hasa kifundishwe pale.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka wa 1906 na J. J. Willis, mmisionari wa Church Missionary Society. Huenda msomaji akadhani kwamba alitumwa kutoka Mombasa, la hasha. Alitokea upande wa Uganda. Eneo la Nyanza lilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka wa 1902, na hata baada ya mpaka kusogezwa, kanisa la huko lilibaki chini ya dayosisi ya Uganda hadi 1921. Jina Maseno lenyewe husemekana kuwa limetokana na mti, ambao Waluo huuita oseno na Waluyia oluseno.

Wanafunzi wa mwanzo walikuwa hasa wana wa machifu. Walitarajiwa kusoma, kusali na kufanya kazi za mikono, na kwa wamisionari mambo hayo matatu hayakutengana. Vijana waliona vingine. Jembe walilijua tangu nyumbani. Walichokifuata Maseno ni kalamu. Mwaka wa 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, waligoma, wakakataa kazi hizo na kudai wafundishwe zaidi. Sisi tuliozoea kusikia migomo ya chakula na karo tunapaswa kutua hapa kidogo: hawa waligoma ili wapewe masomo mengi zaidi.

Serikali ya kikoloni, hata hivyo, iliegemea upande wa jembe. Ripoti ya Nelson Fraser ya mwaka wa 1909 ilipendekeza Mwafrika apewe elimu ya ufundi, na baada ya Idara ya Elimu kuundwa mwaka wa 1911, misheni zilizofundisha ufundi zikapewa ruzuku. Useremala na ujenzi ukashika nafasi kubwa Maseno. Nadhani si haki kuudharau ufundi huo. Kosa lilikuwa kuufanya kikomo cha mtu.

Kikomo hicho hakikudumu. Mnamo Desemba 1921, Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor, waliosomea Maseno, walikuwa miongoni mwa viongozi wa Young Kavirondo Association, chama kilichopinga kipande, kodi na hatua ya mwaka wa 1920 ya kuigeuza nchi kuwa koloni. Malalamiko hayo yaliyahitaji maandishi, na waandishi walikuwapo.

Mwaka wa 1928 uongozi wa shule ulichukuliwa na Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, akakaa hadi alipohamia Alliance mwaka wa 1940. Hata katika miaka ya 1930, kijana wa Maseno aliyetaka kuendelea zaidi na masomo ya sekondari alilazimika kufunga safari hadi Kikuyu. Oginga Odinga alikuwa mmoja wao: Maseno, Alliance, kisha Makerere, na baadaye akarudi Maseno akiwa mwalimu.